Mwaka Niliofunika Majina

Salim tulimzika mwezi uliopita. Nikisema tulimzika ninakosea kidogo, kwa maana wanaume ndio walioenda makaburini na sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake Majengo, hapo Nyeri mjini, tumeketi kwenye mikeka na miguu imetufia ganzi. Mkristo nilikuwa mimi na wengine wawili watatu hivi, na tulikuwa tumepewa leso za kujifunika. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe. Kando yangu akina mama wawili walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kama mchele wa Mwea unafaa pilau ama unashikana, mmoja akisema ni mkono wa mpishi, mwingine akisema mkono hauwezi kubadilisha mchele. Ndipo akaingia Akinyi, binti wa kompyuta tuliyefanya naye kazi, ametoka Kisumu asubuhi, leso inamteleza kichwani kila hatua. Akanikumbatia akiwa amepiga magoti. Aliniambia kwamba mashine yetu ya kusoma picha za kifua sasa inatumika hata Doldol, kwenye kliniki ndogo isiyo na daktari wa picha, na kwamba Salim alikuwa amempigia simu wiki mbili kabla ya kufa kuuliza kama inafanya kazi vizuri. Binti mmoja wa Salim akatuuliza tulijuana vipi na baba yake. Akinyi akanitazama mimi. Nikasema tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi, na tangu siku hiyo ufupi wake umekuwa ukinisumbua.

Watu wakisimulia mwaka uliowafanya wawe walivyo, utasikia walikuwa na miaka kumi na saba, wamevaa sare, wanapendana na mtu. Wangu ulinikuta na miaka sabini na moja, magoti yanauma, nimestaafu nikiwa na ng'ombe mmoja na kuku. Maisha yangu ya kazi yote niliyamaliza katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya Nyeri, kwanza nikipiga deki, halafu nikitunza stoo ya picha za eksirei. Stoo nilipewa kwa sababu moja tu, kwamba mimi sisahau jina. Shule niliachia darasa la nne na kusoma kwangu ni kwa polepole, lakini jina nikilisikia na uso nikiuona, vinakaa pamoja na haviondoki. Kwa hivyo hospitali ilipoletewa vijana wa kutengeneza mashine ya kusoma picha za kifua, na vijana wakakuta stoo imejaa bahasha za kaki hadi darini, mtu alikumbuka kwamba yule mama bado yuko hai. Wakanitafuta. Salim naye walikuwa wamemtafuta, kwa kuwa nusu ya picha hizo alizipiga yeye.

Ile haikuwa mashine ya chuma. Akinyi alinieleza siku ya kwanza, taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake. Ni kitu kinachokaa ndani ya kompyuta, wao wanakiita modeli, na kinafunzwa kama mtoto anavyofunzwa kuchambua maharagwe. Unakionyesha picha, unakiambia huyu alikuwa mgonjwa, huyu alikuwa mzima, huyu mgonjwa, huyu mzima, picha nyingi kupita akili ya mtu, hadi siku moja unakionyesha picha ambayo hakijawahi kuiona na kinakuambia chenyewe. Nikamuuliza, na kama uliyemwita mzima hakuwa mzima? Akacheka, akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu, "Cucu, hapo ndipo tutakuwa tumeharibu mtoto."

Chumba kile ningekichora nikiwa nimefumba macho. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama upande wa mlima, ingawa mlima wenyewe tuliuona asubuhi chache sana. Picha za zamani hunuka kama siki, na harufu hiyo ilikuwa kwenye sweta yangu hadi Jumapili kanisani. Kulikuwa na meza ya skana, na ukutani kisanduku cha taa ambacho unabandika picha ukaona mifupa. Mimi nilileta nduma za kuchemsha na thamosi ya chai. Salim alileta mahamri ya mke wake yamefungwa kwa gazeti. Siku moja Akinyi akaleta omena, dagaa wa ziwani, aliyopika mwenyewe, na harufu ikatembea hadi wodi ya akina mama, na Salim akachungulia nje ya mlango akasema tufungue dirisha kabla picha zote hazijaanza kuogelea. Akinyi akamwambia, "Mzee, wewe kula, acha wivu." Alikula sahani mbili.

Kazi ilienda hivi. Mimi ninatoa picha kwenye bahasha na kusoma jina lililo pembeni kwa herufi nyeupe. Salim anaangalia picha kama bado ni nzima, na ripoti ya daktari kama ni ya picha hiyohiyo. Halafu ninakata kipande cha utepe mweusi, ninafunika jina, na Akinyi anaiingiza kwenye skana na kuipa namba. Sheria yao ilikuwa kali: jina la mgonjwa lisiingie kwenye kompyuta hata kidogo. Mimi nikawa mtu wa mwisho kuyasoma. Sikuweza kuyafunika kimya kimya. Nilikuwa ninalitaja kila jina kwanza, Gathoni wa Tetu aliyeuza mayai, Muriithi fundi wa viatu, Nderitu aliyekuwa akiimba wodini hadi wenzake wakamlalamikia, ndipo ninabandika. Mwanzoni Akinyi alifikiri ni mazoea ya uzee. Halafu tukafika kwa Mary Wanjiru Kabui wa Kangema.

Kabla sijaja, Akinyi alikuwa amekusanya picha zote zenye jina moja na kijiji kimoja, akazifanya za mtu mmoja. Mary Wanjiru Kabui alikuwa na picha nyingi za miaka mingi na Akinyi alimpenda sana, kwa sababu mashine inahitaji kuona mtu mmoja akibadilika. Nilipoziangalia nilicheka mpaka nikakaa. Hao walikuwa binamu watatu. Baba zao walikuwa ndugu, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo desturi yetu, kwa hivyo boma moja lilikuwa na akina Wanjiru watatu, mmoja mwalimu mnene, mmoja mchuna majani chai, mmoja mfupi aliyekuwa na kigugumizi. Akinyi akajifunika uso kwa mikono. "Kwa hivyo nimefundisha mashine ati mtu anaweza kupungua mabega akienda Krismasi?" Tulichukua wiki tatu kuwatenganisha watu wa namna hiyo, nikiwataja na Salim akiandika. Baada ya hapo ubishi ukitokea mle ndani, mtu alisema tu Cucu amesema, na ubishi ukaisha. Nilifurahia hilo. Sitasema sikufurahia. Mtu aliyepiga deki miaka kumi na tatu anajua ni nini kuaminiwa na watu wenye digrii.

Ndiyo sababu bahasha yangu ilinipata nimekaa vizuri namna ile. Tabitha Wairimu, ndilo jina langu, na ndani picha mbili zilizopigwa kwa kuachana wiki moja. Nilijua ziko stoo, nilizipanga mwenyewe. Nilikuwa nimefikiria, tangu siku niliyoitwa, kwamba nitazitoa na kuzichoma pamoja na maganda ya mahindi, na kila asubuhi nilijiambia bado hatujafika rafu ile. Tukafika. Nikafunika jina bila kulitaja. Akinyi, ambaye hakupitwa na kitu, akauliza mbona huyu hana jina leo. Nikamwambia huyo ni mimi. Akashtuka kwa huruma: kumbe niliugua? Nikasema niliugua kidogo nikapona, na nikatoa ruhusa picha zitumike. Salim alikuwa kwenye kisanduku cha taa, na hakugeuka. Akinyi akasoma ripoti, ya kwanza ikisema kuna kivuli juu ya pafu la kulia, ya pili ikisema kivuli hakipo, mapafu safi. Akaandika: mzima.

Mwezi wa saba, ukungu umekaa wiki nzima na tumevaa makoti ndani ya chumba, walianza kuipa mashine mtihani. Kila ilipoona ugonjwa ilipaka rangi nyekundu mahali penyewe. Akinyi aliweka orodha ya makosa yake, hasa pale ilipopaka nyekundu kwa mtu ambaye ripoti inasema ni mzima, kwa kuwa mashine inayopiga kelele ovyo, alisema, madaktari wataizima wiki ya kwanza. Asubuhi moja akageuza kompyuta tuione. Alisema hiyo picha imemkosesha raha siku nyingi. Mashine ilikuwa na uhakika kabisa, hakuna picha nyingine kwenye mtihani iliyopakwa nyekundu namna ile, na bado mtu alikuwa mzima, wiki iliyofuata hana kitu. Angeirudisha ifunzwe tena hadi ijue kwamba kivuli cha aina ile, mahali pale, si cha kumwita mtu arudi. Utepe ulikuwa juu ya jina, lakini namba niliijua. Nilishika kikombe changu nikanywa chai iliyokuwa imepoa zamani, na moyoni nilijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyelijua, ama ndivyo nilivyofikiri. Mashine ilikuwa imeona sawa. Mwongo nilikuwa mimi, na sasa ingefunzwa kunyamaza kwa ajili yangu.

Ile picha ya kwanza ni ya Nyawira. Alitoka Gakindu, alikuwa na mashina machache ya kahawa na msimu ukiisha aliuza ndizi nje ya lango la hospitali, na tulikuwa marafiki kwa namna ambayo watu hudhani ni ndugu. Alikuwa mcheshi sana. Alimwita msimamizi wetu Bwana Ndoo, na hadi leo sikumbuki mtu huyo bila ndoo. Alipoanza kukohoa na nguo kumpwaya, nilimpa kadi yangu ya mfanyakazi. Wakati ule kadi ya mfanyakazi ilimtibu yeye na familia yake bure, na hakuna aliyekuwa na kadi ambaye hakuiazima kwa dada, shemeji, jirani. Hatukuiita wizi. Tuliona ni unyimi mtu kukaa na kadi mfukoni na mwenzake anakohoa. Nyawira akaingia kwa Salim, akaitika Tabitha, akapigwa picha. Baada ya wiki moja daktari kijana, mgeni, ambaye alinijua jina lakini hakuwahi kuutazama uso wangu, akanikuta kwenye korido nikipiga deki. Akaniambia kuna kitu kwenye picha yangu, labda ni uchafu wa filamu, labda si uchafu, twende irudiwe sasa hivi.

Nimekaa na dakika hiyo miaka zaidi ya thelathini. Ningesema si mimi, ningefukuzwa, na Nyawira angeitwa mbele ya watu. Lakini ningesema. Badala yake niliegemeza moppu ukutani nikaenda nikasimama mbele ya ubao na kifua changu mwenyewe, nikavuta pumzi nilipoambiwa. Picha ikatoka safi. Daktari akafurahi, akasema ulikuwa uchafu tu. Na mimi, hii ndiyo sehemu ngumu kuandika, nilifurahi pia. Nilijidanganya kwamba mashine ya eksirei imeulizwa mara mbili na imejibu. Nikaenda langoni nikamwambia Nyawira maneno ya daktari yalivyo, ni uchafu wa filamu. Akanunua chapati mbili tukala tumesimama, akisema alikuwa ameanza kumchagulia mtoto wake mama mwingine na amenichagua mimi, pole kwangu, nimeepuka. Kifua kikuu kilikuwa na dawa hata wakati ule. Alikufa kabla kahawa haijaiva tena. Mtoto wake, Wangechi, alikuwa darasa la tatu.

Wangechi sasa ni mama wa watoto wakubwa. Anaishi Gakindu katika shamba la mama yake, na miaka yote hiyo alikuwa akiniita Tata, ndiyo kusema dada ya mama, na kila Jumamosi alikuja kwangu na maparachichi ama nduma, anikate kucha za miguu ambazo sifikii. Jumamosi ya wiki ile alikuja. Aliongea juu ya kiwanda cha kahawa na jirani aliyehamisha ua, na mimi nilimtazama utosi akiwa ameinama kwenye miguu yangu. Niligundua kwamba nilichoogopa zaidi si hospitali wala aibu. Niliogopa kukaa Jumamosi bila yeye.

Jumatatu niliwaambia Akinyi na Salim kabla chai haijamiminwa. Nilisema kwa kifupi, kwa sababu ningerefusha ningeanza kujitetea. Akinyi aliirudisha thamosi mezani. Halafu akasema, kwa heshima lakini akinitazama machoni, kwamba hawezi kubadilisha picha kwa neno la mtu tu, hata mtu huyo akiwa mimi. Atajuaje kwamba sasa ndiyo ninasema kweli? Salim akainuka. Alizitoa zile picha mbili, akazibandika kwenye kisanduku cha taa kando kwa kando, akaweka kidole kwenye mfupa ulio chini ya shingo. Kwenye ile ya pili mfupa una fundo, mahali nilipovunjika nikiwa msichana na ukaunga vibaya. Kwenye ya kwanza umenyooka.

"Mfupa ukiunga hivi hauondoki," alisema. "Na huwezi kupata fundo la miaka kumi kwa wiki moja. Ni watu wawili."

Akinyi akasogea hadi pua ikakaribia kugusa picha. "Mzee, umeliona lini hili?"

"Siku ileile." Hakuwa akimjibu Akinyi. "Nililiona siku ileile, Tabitha. Nikasema ni kadi, kila mtu anaazima, nisimfukuzishe mama wa watu kazi. Nikafikiri utamleta mwenyewe."

"Sikumleta."

"Najua. Nami sikuuliza."

Hatukulia, wala hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Tulisimama pale wazee wawili mbele ya mbavu za Nyawira. Akinyi alivuta kiti akanikalisha, akafungua daftari, akaniuliza ni nani wengine walioazima kadi. Ilichukua siku tatu kuwataja wote ninaowajua, aliyeazima na aliyeazimwa, na picha zao zote zikatolewa kwenye mtihani. Wakubwa wake walikasirika kwa kuchelewa. Yeye aliwaambia mashine yao ilikuwa inaadhibiwa kwa kusema kweli, na wakamwacha aendelee. Lakini ile ya Nyawira alitaka ibaki, sasa ikiwa imeandikwa mgonjwa, kwa kuwa, alisema, ndiyo picha iliyomfunza yeye kuliko zote. Ila haikuwa tena picha yangu. Ruhusa niliyokuwa nimetoa ilikuwa ya kifua kisicho changu. Ni lazima mtu wa Nyawira akubali.

Nilienda Gakindu Alhamisi. Wangechi alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo, ya kuchanganya na mahindi kwa githeri ya jioni, na akaniambia niketi karibu na moto. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Mikono yake haikuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza kama mama yake alijua. Nikasema hapana, alikufa akiamini ni uchafu wa filamu. Nikaanza kusema kwamba angalau hakuishi na hofu, na hapo ndipo alipoinua uso.

"Usinitafutie la kukufariji wewe," alisema. Aliweka ungo chini. "Hiyo picha iko wapi?"

Tulienda naye hospitali kesho yake. Alisimama mbele ya kisanduku cha taa na mkoba umening'inia mkononi, na Akinyi akamwonyesha mbavu, moyo, na kile kivuli juu upande wa kulia, kama wingu dogo. Wangechi hakuuliza juu ya kivuli. Aliuliza kama moyo huo ulikuwa unapiga wakati picha inapigwa. Salim akasema ndiyo, ndiyo maana ukingo wake umefifia kidogo. Wangechi alitazama ukingo huo muda mrefu. Ndipo akatuambia kwamba hana picha ya mama yake. Hakuna aliyewahi kumpiga picha. Kulikuwa na ile ndogo ya kitambulisho, na kitambulisho kilirudishwa serikalini alipokufa. Akasema watumie, waandike ni mgonjwa, lakini filamu yenyewe wampe yeye. Akinyi alihangaika na barua kwa wakubwa karibu mwezi, na akampa.

Jumamosi hakuja tena. Kucha ninakatiwa na muuguzi wa zahanati. Hajanitukana, hajasema amenisamehe, na jina la Tata ameliacha. Ananiita Wairimu, kama mama yake alivyoniita. Mimi ndiye ninayekwenda Gakindu, mara moja kwa mwezi magoti yakiruhusu. Ananipikia chai. Picha ameiweka sebuleni kwenye kioo cha dirisha la upande wa jua, ameitoa utepe jina langu likaonekana, na chini yake ameandika Nyawira kwa kalamu nyeupe. Wageni wakiuliza huyo ni nani anajibu ni mama. Kiti changu hukikuta kimewekwa kinatazama dirisha. Sijawahi kuomba kigeuzwe.